Philo wa Aleksandria na Mzizi wa Dhambi



Wapendwa wasomaji, hakuna frateri anayemaliza masomo ya falsafa bila kukutana na swali hili: ikiwa Mungu ni mwema, na kila kilichopo amekiumba yeye, dhambi ilitoka wapi? Nao waamini wetu hawasubiri falsafa ili kuuliza. Swali hilohilo huulizwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo, hasa pale ndugu anapomdhulumu ndugu yake na watu wakabaki wameshika tama. Mara nyingi sisi hukimbilia kwa Mt. Augustino, na tunafanya vema. Lakini zaidi ya miaka 300 kabla Augustino hajazaliwa, Myahudi mmoja wa Misri alikwisha kukaa na swali hili maisha yake yote. Huyo ni Philo wa Aleksandria.

Tumechagua kusimulia maisha yake badala ya kueleza mafundisho yake peke yake, kwa sababu kwake mambo hayo mawili hayaachani. Philo alifundisha kwamba dhambi huanza pale mtu anapoona kila alicho nacho kuwa ni mali yake mwenyewe. Kisha, akiwa mzee, alisimamishwa mbele ya mtu aliyetaka kumiliki hata heshima ya Mungu.

Mji na ukoo

Philo alizaliwa Aleksandria yapata mwaka 20 kabla ya Kristo. Mji huo ulianzishwa mwaka 331 K.K. na Alexander Mkuu wa Makedonia, nao ukaitwa kwa jina lake. Katika siku za Philo ulikuwa na mitaa mikubwa mitano, na miwili kati yake ilihesabiwa kuwa ya Wayahudi, ingawa walikaa hata katika mitaa mingine. Wayahudi hao walizungumza Kigiriki, wakasali kwa Kigiriki na kusoma Torati kwa Kigiriki, katika tafsiri tunayoiita ya Sabini. Philo anasimulia kwamba kila mwaka watu walivuka kwenda kisiwa cha Pharos, penye mnara wa taa, kumshukuru Mungu kwa ajili ya tafsiri hiyo. Baada ya sala walikula pamoja ufukweni, na wasio Wayahudi pia walikuwamo.

Ukoo wake ulikuwa tajiri sana. Ndugu yake, aliyeitwa Alexander, alikuwa na cheo kikubwa mjini. Mwanahistoria Josephus anaandika kwamba huyo Alexander ndiye aliyegharimia dhahabu na fedha za kufunika milango ya Hekalu la Yerusalemu. Tuikumbuke milango hiyo, maana tutairudia.

Philo yeye alipenda vitabu. Aliwasoma Wagiriki, na zaidi ya wote Plato, hata watu wa kale wakasema kwa utani kwamba haijulikani kama Plato anamfuata Philo au Philo anamfuata Plato. Hata hivyo mwalimu wake mkuu alikuwa Musa. Kwake falsafa ilikuwa mtumishi anayemwandaa mtu aielewe Torati. Aliwahi kwenda Yerusalemu kusali na kutoa sadaka. Lakini hakuwa mtu wa kujifungia: alikwenda kwenye maonyesho, aliona mashindano ya magari ya farasi, alialikwa karamuni.

Anakiri jambo moja ambalo sisi tuliomo seminarini tunalijua vizuri. Mara nyingine aliwaacha jamaa na marafiki, akaenda nyikani ili atafakari, na bado akili yake ikatawanyika asipate kitu. Mara nyingine alikuwa katikati ya umati mkubwa, na moyo wake ukatulia kabisa. Akatambua kwamba si mahali panapoleta utulivu wala vurugu, bali ni Mungu anayeiongoza nafsi popote ilipo. Hata sisi tunaweza kupiga magoti kimya kanisani huku akili ikizunguka sokoni. Ugunduzi huo mdogo ndio uliomfanya Philo autafute mzizi wa dhambi ndani ya mtu, wala si mahali pengine.

Majibu yaliyokuwapo

Swali lenyewe lilikuwa na majibu kadhaa kati ya Wayahudi. Kitabu cha Henoko, ambacho hakimo katika Biblia yetu, kilisimulia habari za malaika walioshuka duniani, wakajitwalia wanawake na kuwafundisha wanadamu kutengeneza silaha, hata dunia ikajaa ukatili. Katika masimulizi hayo uovu ulishuka kutoka juu.

Yoshua bin Sira, aliyeandika karibu mwaka 180 K.K., ana maneno mawili yanayovutana. Katika sura ya 25 anasema dhambi ilianza kwa mwanamke. Katika sura ya 15 anakataza mtu yeyote asimsingizie Mungu makosa yake, kwa kuwa Mungu alimwumba mtu na kumwachia uamuzi wake mwenyewe. Nacho kitabu cha Hekima ya Sulemani, ambacho wataalamu wengi wanaamini kiliandikwa Aleksandria kwenyewe, kinasema katika sura ya 2 kwamba mauti yaliingia ulimwenguni kwa husuda ya Ibilisi.

Tunaona basi kwamba wengine walimtazama malaika, wengine Ibilisi, wengine Hawa, wengine hiari ya kila mtu. Philo aliyajua Maandiko haya ya Mwanzo kama wao, lakini aliyasoma kwa namna yake.

Nyoka na milango ya fahamu

Kwa Philo, habari za bustani ya Edeni zinasimulia jambo linalotokea ndani ya kila mmoja wetu. Adamu ni akili. Hawa ni hisi: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Nyoka ni anasa, ile raha inayomtambaza mtu kwa tumbo lake na kumlisha mavumbi.

Anasa, anasema, haina ujasiri wa kuiendea akili moja kwa moja. Huanza na hisi. Sisi kwa Kiswahili tunaziita hisi milango ya fahamu, na hapo tunaielewa hoja yake mara moja: mwizi hapiti ukutani kama kuna mlango uliosahauliwa wazi. Jicho likishadanganywa hupeleka habari tamu kwa akili, na akili iliyopaswa kutawala hujikuta inatumikia.

Lakini Philo hasemi hisi ni mbaya. Anasisitiza kwamba zenyewe si njema wala si mbaya. Hutegemea zimetumiwa na nani. Anaonyesha kwamba katika Mwanzo sura ya 3 Mungu anamwuliza Adamu, anamwuliza na Hawa, na wote wawili wanapata nafasi ya kujibu. Nyoka haulizwi neno, anahukumiwa tu, kwa kuwa anasa inayotafutwa kwa ajili yake yenyewe haina utetezi.

Dawa yake pia anaitoa katika Torati. Walawi sura ya 11 inaruhusu kula aina fulani za panzi na nzige, na mmojawapo katika tafsiri ya Kigiriki ana jina lenye maana ya mpigana na nyoka. Ana miguu ya kurukia, hawi mateka wa ardhi. Huyo kwa Philo ni kiasi, fadhila ya kujitawala.

Hatuna budi kusema ukweli: katika vitabu vya Philo yamo pia maneno mazito dhidi ya wanawake, na kumfananisha mwanamke na hisi na mwanamume na akili kumetumiwa vibaya na wengi. Sisi hatulazimiki kuyabeba hayo. Hoja yake iliyo bora inasimama bila hayo, kwa sababu akili na hisi zimo katika kila mtu, mwanamume kwa mwanamke.

Je, Mungu alihusikaje? Philo anajibu kwa msimamo mkali: Mungu si chanzo cha uovu wowote. Mimea na wanyama hawana hiari, hivyo hawalaumiwi. Mtu peke yake amepewa hiari, hivyo yeye peke yake husifiwa na kulaumiwa kwa haki.

Kaini, mtu wa mali

Hapa ndipo tunapoona kina cha mawazo yake. Anasa ni mlango, lakini Philo alitaka kujua pia kwa nini akili inakubali kudanganywa. Jibu analipata kwa Kaini.

Jina Kaini analifasiri kuwa ni umiliki. Akili ilipokutana na hisi, anasema, ilipata ghafla mwanga, sauti, harufu na ladha, ikavimba kichwa na kudhani kwamba vyote hivyo ni vyake. Mtoto aliyezaliwa na dhana hiyo ni Kaini. Abeli ni kinyume chake: yeye huvirudisha vyote kwa Mungu. Ndugu hao wawili wamo katika kila nafsi, na hawawezi kukaa pamoja kwa amani.

Ili aeleweke, Philo anatumia mfano wa Alexander Mkuu, mwanzilishi wa mji wake mwenyewe. Anasimulia kwamba mfalme huyo, alipojiona ameishinda dunia, alitazama huku na huku akatangaza kwamba upande huu na upande ule ni mali yake. Philo anaona hapo mawazo ya kitoto. Mtu anawezaje kujigamba kuwa mwenye dunia, ilhali hata akili yake hana hakika nayo? Leo inakumbuka, kesho inasahau; ugonjwa unaweza kuiondoa. Macho hudanganyika, masikio hukosea. Tulivyo navyo tumepewa tuvitumie. Mwenyewe ni Mungu.

Basi mzizi wa dhambi kwa Philo ni kujipenda kunakojaa neno moja: changu. Anajua pia kwamba hakuna anayeepuka. Anapoeleza sadaka walizotoa makuhani kwa ajili ya dhambi, anasema kwamba kila aliyezaliwa, hata akiwa mwema, amezaliwa pamoja na uwezekano huo wa kukosea. Hapo hajafikia fundisho la Kanisa juu ya Dhambi ya Asili, lakini anagusa pindo la vazi lake.

Mwaka 38

Mafundisho haya yangeweza kubaki katika vitabu. Lakini mwaka 38 baada ya Kristo fujo kubwa ilizuka Aleksandria. Mfalme Herode Agripa, yuleyule ambaye Matendo ya Mitume sura ya 12 inasema alimwua mtume Yakobo, alipita mjini. Umati ukamdhihaki kwa kumvika maskini mmoja mwenye ugonjwa wa akili taji la mafunjo na kumsujudia kama mfalme. Kisha wakadai sanamu za Kaisari ziwekwe katika masinagogi.

Liwali wa Kirumi, Flaccus, hakuwazuia. Wayahudi walifukuzwa majumbani mwao na kusongamanishwa katika mtaa mmoja. Nyumba na maduka yakaporwa, watu wakachomwa moto, wengine wakaburutwa barabarani hadi kufa. Wazee 38 wa baraza la Wayahudi walichapwa viboko hadharani, tena katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari.

Philo aliyaona haya. Aliwaona majirani wakigawana vyombo vya majirani, kila mmoja akitwaa na kufanya chake. Kaini hakuwa tena mfano wa kitabuni.

Baadaye mwaka huohuo Flaccus alikamatwa, akahukumiwa, akapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Andros, na mwishowe akauawa. Philo aliandika kitabu juu yake, na humo kuna jambo linalogusa moyo. Anamwonyesha Flaccus usiku mmoja kisiwani, akitazama nyota, akimkiri Mungu wa Wayahudi na kuungama kwamba kila alilowatendea wengine limemrudia. Huyu ni adui aliyewaacha watu wa Philo wachinjwe. Hata hivyo Philo anampa nafasi ya kujibu, kama Adamu na Hawa walivyopewa. Hakumhesabu kuwa nyoka.

Mbele ya Kaisari

Wayahudi wa Aleksandria walituma wajumbe watano Roma, na Philo, ambaye alikuwa mzee tayari, alikuwa mmoja wao. Aliwahi kulalamika katika maandishi yake kwamba shughuli za siasa zilimnyakua kutoka kwenye tafakari na kumtupa katika bahari ya mahangaiko. Sasa alikwenda kwa ajili ya watu wake.

Kaisari wakati huo alikuwa Gaius Caligula, kijana aliyetaka kuabudiwa kama mungu. Wajumbe wakingali Italia, habari zikawafikia kwamba ameagiza sanamu yake kubwa iwekwe katika Hekalu la Yerusalemu. Wakalia kwa uchungu.

Walipopata kuonana naye, aliwapokea huku akikagua majumba ya kifahari, akikimbia chumba hadi chumba na kutoa amri juu ya madirisha na picha. Wazee hao walimfuata nyuma kama watu katika mchezo wa kuigiza. Aliwalaumu kwa kutomtambua kuwa mungu. Katikati ya mambo ya uhai na kifo akawauliza kwa nini hawali nguruwe, na waliokuwapo wakacheka. Walipoanza kueleza haki zao akahamia chumba kingine. Mwishowe aliwaacha akiona kwamba ni watu wenye bahati mbaya zaidi kuliko wabaya, kwa kuwa hawakuujua uungu wake.

Philo alikuwa ameandika juu ya akili inayodhani kila kitu ni chake. Sasa alimwona mtu mwenye akili hiyo, akiwa na majeshi. Akaandika baadaye kwamba Gaius alitwaa kile ambacho hakiwezi kuwa cha kiumbe chochote.

Petronius, liwali wa Siria, alichelewesha kazi ya sanamu, na tarehe 24 Januari mwaka 41 Caligula aliuawa Roma. Claudius aliyemfuata alithibitisha haki ya Wayahudi wa Aleksandria kushika desturi zao. Hekalu likapona kwa wakati ule.

Mtoto wa ndugu yake

Kuna jeraha lililokuwa karibu zaidi. Ndugu yake Alexander alikuwa na mtoto aliyeitwa Tiberius Julius Alexander. Kwa desturi zetu Philo angekuwa baba yake, mkubwa au mdogo. Kijana alikuwa na akili sana. Katika vitabu viwili vya Philo vilivyohifadhiwa kwa Kiarmenia tunakuta hoja zake zikijadiliwa na mzee wake. Katika kimoja anauliza, kama Mungu anautunza ulimwengu, mbona wabaya wanastawi? Philo anamjibu kwa uvumilivu, hoja kwa hoja.

Hoja hazikutosha. Josephus anasema kijana huyo hakudumu katika desturi za baba zake. Alipanda vyeo katika serikali ya Roma, akatawala Uyahudi, na mwaka 66 akawa liwali wa Misri. Ghasia zilipozuka tena Aleksandria, yeye ndiye aliyewaagiza askari kuingia katika mtaa wa Wayahudi wa mji aliozaliwa, na maelfu waliuawa. Mwaka 70 alikuwa Yerusalemu pamoja na Tito, katika jeshi lililouzingira mji. Josephus anasema alipoulizwa katika baraza alishauri Hekalu lisiharibiwe, lakini liliteketea. Kabla ya hapo milango ilitiwa moto, na fedha iliyoifunika ikayeyuka. Baba yake ndiye aliyeigharimia.

Inaaminika Philo alikufa karibu mwaka 50, hivyo hakuyaona hayo. Lakini alikwisha kuona upande ambao mwanawe ameuchagua. Mtu aliyeeleza mzizi wa dhambi kuliko wengi wa zama zake hakuweza kuung'oa kwa mafundisho katika nyumba ya ndugu yake. Tunadhani hili halipunguzi heshima yake. Linaonyesha tu kwamba alichosema kuhusu hiari ni kweli: hakuna mzazi wala mwalimu anayeweza kuchagua badala ya mwingine.

Urithi wake kwetu

Vitabu vya Philo vilihifadhiwa na Wakristo. Klementi na Origene wa Aleksandria walijifunza kwake, Mt. Ambrosi alichota mengi kwake, na Mt. Yeronimo alimweka katika orodha ya waandishi mashuhuri ingawa hakuwa Mkristo. Augustino naye alipoandika juu ya upendo wa nafsi unaofika hadi kumdharau Mungu, alilima shamba ambalo Philo alikwisha kulipitia kwa jembe.

Kanisa linafundisha zaidi ya alivyofundisha Philo. Mt. Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 5, anaonyesha kwamba dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na neema ikazidi kwa mtu mmoja, Yesu Kristo. Philo aliweza kuonyesha ugonjwa na kushauri kiasi. Mganga mwenyewe aliishi katika zama zake, na hatuna ushahidi kwamba walijuana. Ndiyo maana sisi hatuishii kwenye kujua. Tunakwenda kwenye kitubio.

Hata hivyo tusimwache mzee huyu bila kujipima kwa kipimo chake. Neno changu halikai kwa akina Caligula tu. Sisi mafrateri tunaweza kuuita wito wetu mali yetu, na elimu tuliyosomeshwa kwa sadaka za waamini tukaihesabu kuwa jasho letu. Katika parokia tunaweza kusema kwaya yangu, kigango changu, kiti changu kanisani. Nyumbani twaweza kugombania shamba la urithi hadi ndugu wakaacha kusalimiana, na mtu akauliza dhambi imetoka wapi huku hati ya shamba ameilalia chini ya mto.

Wapendwa, jioni tunapofanya utafiti wa dhamiri tuongeze swali moja tu: leo nimekiita changu kitu gani ambacho nimepewa nikitumie? Tukikipata, tukirudishe kwa Mwenyewe, kama Abeli alivyofanya. Mungu atujalie neema hiyo, kwa njia ya Kristo Bwana wetu.